Mkanda wa Presha

Semina ile ya chai na sambusa iliwafundisha madaktari kwamba mgonjwa akikuchoma moyo, itaje hisia yako kimyakimya kabla hujamgusa. Daktari Tunu aliikumbuka alipoingia Mzee Sekibo, aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba ya mama yake Tunu, mvua ikinyesha, watoto wakiwa bado ndani. Daktari mwingine hakuwapo.

Alimfunga mkanda wa presha mkononi, akaanza kuujaza upepo.

"Chuki," alisema moyoni. Kumbe mdomo nao ulisema.

"Nani anakuchukia, mwanangu?" mzee aliuliza kwa upole.

Tunu aliendelea kubonyeza kipira cha upepo.

"Daktari, unanibana."

Nje wagonjwa walikohoa kwenye foleni. Mishipa ya mzee ilisimama, na vidole vya Tunu vilikuwa juu ya skrubu ya kutolea upepo, havijaizungusha.