Kikombe cha Mteja wa Kila Siku

"Inukeni hapo! Meza ya wenyeji hiyo," mhudumu aliwafokea, mikono yote miwili imejaa bia.

Irmtraud akachukua koti lake. Ni yeye aliyetaka waje Bamberg, mji wa Ujerumani, likizo hii, wazunguke baa za viwanda vya bia. Mumewe alipinga mpaka ndani ya treni.

Mhudumu akamtazama mume wa Irmtraud, akacheka. "Kumbe ni wewe! Si ungesema?" Akazitua bia, akafungua kabati la vikombe vya wateja wa kila siku, akamwekea chake mezani.

Kilikuwa cha udongo. Kwenye kifuniko chake cha bati mtu alikuwa amekwaruza kwa mwandiko wa kitoto: Kwa Baba.

Irmtraud alizipitishia kidole herufi zile, moja moja. Kwa miaka kumi na miwili mume huyu alimwambia hataki watoto.

"Huyu mtoto aliyeandika hapa anakaa wapi?" akamuuliza mhudumu.

"Wewe, funga mdomo ulete bia," mumewe akamkaripia mhudumu.

Mhudumu alimkazia macho, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Nyumba ya tatu kutoka hapa, mama. Mlango wa kijani."

Irmtraud akakibeba kikombe, akatoka.