Sehemu ya Pili ya Bi Tungu

"Walichelewa kumkata," Mayala alisema. "Hayo ndiyo maoni yangu. Kitabu ni kizuri, ila bibi yule alipaswa kukatwa tangu ukurasa wa kwanza."

Darasa zima la watu wazima likacheka. Milembe, aliyekaa benchi la nyuma, akainamisha uso ili macho yake yasionekane.

Yalikuwa mekundu. Alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe kwa miaka hamsini, na moshi haukumwachia jicho jeupe. Kule alikotoka kila mtu alijua hivyo. Lakini mwaka ule walihamishwa wote, wakapangwa kwa mistari katika kijiji kipya cha ujamaa nje ya Dutwa, na majirani zake sasa walikuwa watu asiowajua. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Mwezi uliopita Mayala, wa nyumba ya pili, alifiwa na mwanawe kwa homa. Tangu msiba ule hakumsalimia Milembe tena.

Na Bi Tungu, yule bibi wa kitabuni aliyeitwa mchawi, naye alikuwa na macho mekundu.

Mwalimu Justina alikileta kitabu hicho kutoka Mwanza ili wanafunzi wake waone kwamba kusoma si silabi tu. Kila saa kumi na moja jioni, wakishamaliza ubaoni, aliwasomea sura moja, kisha wakatoa maoni. Sehemu ya kwanza iliishia kwa wanaume watano kumkatakata Bi Tungu kwa mapanga na kumtupa shimoni. Watu walipiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alikuwa anamtazama Mayala, na Mayala alikuwa anatazama benchi la nyuma.

"Ipo sehemu ya pili," mwalimu akasema.

Jumatatu alikuja nayo, jalada lake limefunikwa kwa gazeti.

Katika sehemu ya pili Bi Tungu alitoka shimoni. Muuaji wa kwanza aliamka panga limemganda mkononi. Alikula nalo, akalala nalo, mpaka siku moja pua ikamwasha, akasahau, akajikuna. Darasa likacheka hadi machozi. Wa pili alikutwa kichwa chini ndani ya robota la pamba, miguu iko nje, bado inatembea.

"Huyu mwandishi ana wazimu," Luhaga alisema, akijifuta macho. "Lakini aendelee."

Milembe hakucheka. Kila Bi Tungu alipoua, vichwa viwili vitatu viligeuka nyuma kumtazama yeye.

Jumatano akafa wa tatu. Huyu alikuwa na baiskeli nyekundu na alipenda kupiga mluzi. Mayala, ambaye baiskeli yake nyekundu ilikuwa imeegemezwa nje ya dirisha, aligeuka kuitazama.

"Sehemu hii imezidi," akasema. "Mwandishi ni mtu wa wapi?"

"Simjui," mwalimu akajibu. Siku hizo alisoma polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

"Na mzimu huu unamalizwaje? Lazima kitabu kiseme."

"Kitasema. Ijumaa ndiyo sura ya mwisho."

"Basi Ijumaa tutajua," Mayala akasema, akamgeukia Milembe.

Alhamisi, kabla jua halijapanda, Milembe alifunga furushi. Kaka yake alikuwa Nyalikungu, mwendo wa siku mbili kwa miguu yake. Alifika mwisho wa mashamba ya pamba, akasimama. Mtu akikimbia, amekiri. Na hao wakiamua kumfuata, wana baiskeli. Akarudi nyumbani, akafungua furushi, akapika.

Ijumaa alikaa benchi lake. Sauti ya mwalimu ilikuwa inakwaruza. Muuaji wa nne alikwenda kuchoma mifupa ya Bi Tungu shimoni, moto ukamrudia mwenyewe. Wa tano alikimbilia kwa waganga watatu, na wote wakamfungia mlango. Mwisho, amechoka, akamtafuta kikongwe mmoja aliyesalia pale kijijini, akamtekea maji, akamwezekea nyumba. Bi Tungu akafika mlangoni pa mtu yule, akanusa, akapita. Lakini hakwenda mbali.

Kitabu kikaishia hapo.

"Maoni?" mwalimu akauliza.

Wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Kesho yake asubuhi Milembe alisikia miguu ya watu wengi uani. Akachungulia kwenye ufa. Mayala, Luhaga na wengine watatu. Kila mmoja na panga lake.

Hakupiga kelele. Alijifunga kanga vizuri, asije akaanguka akabaki uchi, akafungua mlango.

"Mwangaluka, mayu," Mayala akamwamkia, kama mtu anayemwamkia mama yake. Midomo ilikuwa imemkauka. "Paa lako linavuja. Tumekata nyasi."

Walifanya kazi hadi saa saba mchana. Hawakutaka kukaa wala kula. Kila aliposogea na kata ya maji, walirudi nyuma hatua moja.

Milembe alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu kumweleza. Justina alisikiliza hadi mwisho, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akaenda jikoni kuchemsha chai.

Kitabu cha sehemu ya pili kilikuwa mezani, bado kimefunikwa kwa gazeti. Mwalimu hakuwahi kumruhusu mtu kukishika, lakini Milembe alitaka kuliona kwa macho yake jina la yule bibi aliyemwokoa. Herufi T aliijua. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole, akamtafuta Tungu mstari kwa mstari. Hakumwona. Basi akarudi juu kabisa, kwenye maandishi makubwa, akaanza silabi kwa silabi, midomo ikimchezacheza:

"Ki-li-mo bo-ra cha pa-mba."