Mpini Uliokonda

Mageni aliiweka bastola kwenye benchi langu, juu ya vumbi la mbao, akaniamkia kama mtu aliyeleta jembe la kutiwa mpini.

"Marahaba. Umeipata wapi?"

"Ushirombo, kwa mjane mmoja. Siku hizi mnunuzi wa dhahabu hatembei mikono mitupu, mzee. Nataka ulifute jina hilo la kwenye mpini, uchonge langu."

Niliigeuzia mwangani. Mpini ule wa mpingo niliuchonga mwenyewe mwaka wa uhuru, mnene wa kujaa kiganja. Tangu hapo bastola hurudi kwangu kila inapopata mwenyewe mpya. Nimepiga msasa jina baada ya jina, na sasa mpini umekonda kama mwiko wa zamani.

"Waliokuwa nayo unawajua?" aliuliza.

"Misiba yao yote nimehudhuria."

Aliangalia barabarani. Kisha akasema, "Herufi ziwe kubwa, mzee. Zionekane."

Mgongo ulikuwa unaniuma. Nililisugua jina la marehemu hadi likaisha, nikashika patasi, nikaanza na M. Nilichonga juu juu tu, kina cha ukucha, ili safari ijayo nisipate taabu kulifuta.