Sahihi Tatu za Mzizi wa Fuko

Kikohozi kilipowavamia wanyama, Simba alimpa Fuko, mchimbaji hodari, kibanda cha serikali atafute dawa. Siku ya nne Fuko akaibuka na mzizi mchungu. Sungura aliyekuwa hoi akautafuna, akapona.

"Hongera," alisema Kiboko, mwenyekiti wa bodi ya ushauri. "Lakini kituo chako hakina muundo."

Bodi ilikuwa na wajumbe watatu: Kiboko, Korongo na Pundamilia. Wakakaa, wakanywa chai, wakashauri. Kwanza, kibanda kigawanywe: Idara ya Kwato, Idara ya Kucha na Idara ya Mbawa. Pili, mzizi usitoke, wala lolote lisibadilishwe, bila sahihi za wajumbe wote watatu kikaoni.

"Na wanaokohoa?" Fuko aliuliza.

"Wavumilie. Kikao kijacho ni mwezi ujao."

Swala wawili wakafa wakivumilia. Kisha Pundamilia akaanza kukohoa, Korongo akafuata, na asubuhi moja Kiboko mwenyewe akajikokota hadi kibandani, anahema.

"Fuko, mwanangu, nikatie kipande tu."

"Shikamoo, mheshimiwa. Mzizi huu hapa. Nasubiri kikao."

"Kikao gani? Wenzangu hata kusimama hawawezi!"

Kiboko akakohoa, akafikiri, uso ukamchangamka.

"Andika! Bodi inashauri ianzishwe Idara ya Wajumbe, ambayo dawa yake haihitaji kikao."

Fuko akaandika vizuri, neno kwa neno, kisha akamsogezea karatasi. Kiboko akatia sahihi yake.

"Bado sahihi mbili, mheshimiwa."