Yai la Riziki

Daktari alipotaja kasoro ya protini, neno hilo lilimchoma Mwanahawa kama mwiba.

"Unanisingizia simlishi mtoto? Mayai nampa, daktari! Dagaa, maharage, maziwa. Mimi nashindia ugali mkavu ili yeye ale!"

Riziki, bintiye wa miaka sita, alikuwa mapajani mwake, kichwa kipara, ngozi imesinyaa kama ya bibi kizee.

"Sisemi ya kula, mama," alijibu daktari. "Kila seli ya mwili ina kiini, na ukuta wa kiini unashikiliwa na protini, kama nguzo zinavyoshika nyumba. Za Riziki zina kasoro tangu kuzaliwa. Hebu tazama kiini cha seli yake."

Mwanahawa akainamia hadubini iliyokuwa mezani. Badala ya duara, aliona kitu kimebonyea na kukunjamana, kama mpira uliotoka upepo.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Wala hakuna chakula kitakachokinyoosha."

Hapo Mwanahawa akatamani kosa lingekuwa lake; lake angelirekebisha.

"Mama, yai langu?" Riziki aliuliza.

Mwanahawa akalitoa kwenye mkoba, akaanza kulimenya taratibu, akiogopa kulibonyeza.