Karte Iliyoungua

Kliniki ilikubali kumpa Consolate kazi ya kufua mashuka, ila kwanza alete karte ya chanjo. Karte yake iliteketea pamoja na nyumba, siku moto ulipopita mtaani kwao, Cimpunda.

Basi akamrudia muuguzi, baba mmoja wa makamo, aliyemchanja mwaka uliopita. Muuguzi alifungua daftari, akashusha kidole taratibu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Consolate M'Cirhuza. Ni weye?"

Consolate aliinama kutazama. Tangu ule moto, hakubaki na karatasi hata moja yenye jina lake. Hapa lilikuwepo, kwa wino wa bluu, herufi zote.

"Ni miye, papa."

Muuguzi akachukua karte mpya, akafungua kalamu.

"Aksanti, papa," Consolate alisema, machozi yakimtoka. "Andika polepole, niangalie."