Nyuzi Mbili za Joto

Fundi wa mafriji alimaliza kazi, akaijaribu mashine ya tangi la samaki, akaona inapooza maji barabara. Kisha, kabla ya kujikokota kutoka nyuma ya kabati, akapeleka mkono gizani na kukizungusha kitufe kidogo cha kupangia joto, nyuzi mbili upande wa joto.

"Imepona, mzee," akasema huku akijipangusa vumbi.

Mwenye nyumba akaandika kwenye daftari: asubuhi nyuzi ishirini na saba, sasa ishirini na tano. Tangu astaafu ualimu mkuu, wanafunzi waliombakia walikuwa samaki kumi na mmoja na bustani ya matumbawe, ndani ya tangi la maji ya chumvi lililomeza nusu ya sebule. Tumbawe la kwanza, lile la zambarau, alilinunua pamoja na marehemu mkewe. Na matumbawe hayana masihara: maji yakizidi joto hupauka, na tumbawe likishapauka ni bahati kulirudisha.

Fundi aliyajua yote hayo, na dhamiri ilimsuta. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi.

Roho yake ilikuwa imempenda binti wa mzee, mwalimu wa chekechea, mlishaji mkuu wa samaki wale. Mashine ilikaa nyuma kabisa ya kabati. Kuifikia ni mpaka ulale kifudifudi, na mzee magoti yalikwisha kumsaliti.

"Mimi nikipiga magoti hapo, mtaniinua kwa winchi," alisema siku ya kwanza.

Basi binti ndiye aliyelala upande wa pili, akimmulikia fundi tochi, na huko nyuma wakanong'onezana mengi yasiyohusu mashine.

"Mashine yetu jeuri kweli," alisema binti mara ya tatu.

"Inataka kuzoewa tu."

"Basi izoee. Nani anakukimbiza?"

Kazi ilikuwa na dhamana, kwa hiyo fundi hakudai kitu. Kila baada ya siku chache simu ililia, na sauti ya mzee ilikuwa ile ile: "Fundi, imepanda tena. Njoo."

Mara ya tano aliikuta nyumba kama ya msiba. Kipimajoto kilisoma ishirini na tisa. Ncha ya tumbawe la zambarau ilikuwa imeanza kupauka, na mzee amekaa mbele ya kioo, chakula cha mchana hakijaguswa.

"Nimekosea wapi, fundi? Mbona naandika kila kitu?"

Fundi aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Ishirini na tisa hakuielewa, lakini hakuwa na uso wa kuuliza. Alirudisha kitufe mahali pake, mkono ukamwasha kukizungusha tena, akautia mfukoni. Akaapa moyoni kwamba hatakigusa tena, hata afe.

Wiki tatu simu haikulia. Mashine ilifanya kazi bila dosari, nuksi hiyo. Naye angekwenda kusema nini? Mtu hagongi mlango wa watu eti amekuja kuwajulia hali samaki. Alikosa usingizi, na friji ya bucha akairudisha mlango ukiwa juu chini.

Wiki ya nne ikalia. "Fundi, imepanda tena. Njoo."

Alikwenda mbio, roho mkononi. Safari hii mashine imekufa kweli, aliwaza, na tumbawe la marehemu litakufa nalo kwa sababu ya uchokozi wake. Mzee alimfungulia mlango, suruali imejaa vumbi magotini, akamwonyesha ndani bila salamu ndefu. Samaki wote walimkimbilia kiooni, midomo wazi. Binti alisimama na tochi, amekonda, akitazama kila kitu isipokuwa tangi.

Fundi akalala kifudifudi. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kitufe kilikuwa kimezungushwa nyuzi mbili, upande wa joto.

Akatoka polepole, akasimama kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mzee, lile joto lilikuwa mimi," akasema. "Kila nikiondoka nilikuwa naongeza nyuzi mbili, ili mniite tena. Nampenda binti yako, nikakosa njia ya maana ya kuja. Ukinifukuza ni haki yako. Ila tumbawe la mama nisamehe."

Mzee akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Mbili. Mbili. Mbili tena," akasoma. "Na hii ishirini na tisa? Hapa ni nne."

"Hiyo na mimi sijaielewa mpaka leo."

Binti akazima tochi, akaiwasha, akaizima.

"Nyingine mbili zilikuwa zangu, baba," akasema. "Nilimwona amekawia. Sikujua na yeye ameongeza. Lilipopauka lile tumbawe, nililia usiku kucha."

Mzee akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa jicho lile lililonyamazisha shule nzima miaka thelathini.

"Na ya leo ya nani?"

"Ya leo si yangu, mzee. Naapa."

"Wala yangu, baba. Sijakigusa tangu siku ile."

Wakatazamana. Nyuma yao samaki waligonga kioo kwa midomo.

Mzee akafunga daftari, akainama kwa taabu, akajikung'uta vumbi magotini.

"Ya leo ni yangu," akasema. "Wiki tatu binti yangu anashinda dirishani, samaki hakumbuki kuwalisha. Nikapiga hesabu: joto la siku moja watalivumilia, lakini njaa hii itawamaliza wote."